Mifupa baada ya saratani ya matiti: bila mashine ya DXA tunaanzia wapi?

Klinishani_Bugisu

Hamjambo jukwaani. Hili ni swali la kazi. Huku upande wa Mbale tuna akina mama waliomaliza upasuaji, kemo na mionzi, wakarudi nyumbani na vidonge vya kumeza miaka mitano au zaidi: wengine tamoksifeni, wengine anastrozoli au letrozoli. Kwetu wanakuja na malaria, presha, na "mgongo unaniuma". Mgongo huo kwa kawaida hupewa diklofenaki, mama akaambiwa apunguze kulima, basi.

Naomba mnisaidie haya: nani kati yao mifupa yake iko hatarini zaidi, tupime nini wakati DXA (mashine ya kupima uzito wa madini ya mfupa) iko mbali, vidonge vya kalsiamu vya dukani vina maana gani, na ni lini tuache kusema mgongo ni wa shamba.

Mfano wa kufanyia hesabu (nimeutunga, si mgonjwa wa mtu): miaka 58, kilo 52, urefu sentimita 160, hedhi ilikoma akiwa na 49, yuko mwaka wa pili wa anastrozoli, hajawahi kuvunjika, na anameza TLD (kidonge cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri).

DrOnko256

Swali zuri, na hiyo TLD uliyoitia mwishoni si ya kupita hivi hivi. Nitairudia.

Anza na dawa yenyewe, kwa sababu akina mama wengi huambiwa "vidonge vya saratani" kana kwamba vyote ni kimoja. Mfupa hubomolewa na kujengwa upya muda wote, na estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi wajenzi. Mwanamke aliyekoma hedhi bado ana estrojeni kidogo, inayotengenezwa kwenye mafuta ya mwili na kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Anastrozoli, letrozoli na eksemestani huziba mlango huo. Hicho kidogo kilichobaki kinakaribia kuisha, na mfupa unapungua kwa takriban asilimia 2 kwa mwaka, kama mara mbili ya kasi ya kawaida ya umri huo.

Tamoksifeni ina sura mbili. Kwa aliyekoma hedhi inaulinda mfupa kiasi, kwa ambaye bado anapata hedhi inaupunguza kidogo. Ndiyo maana utafiti wa ATAC, uliolinganisha anastrozoli na tamoksifeni kwa waliokoma hedhi, ulikuta waliovunjika ni asilimia 11 upande wa anastrozoli na 7.7 upande wa tamoksifeni.

Lakini anayenitia wasiwasi kuliko wote si yule wa miaka 58. Ni wa miaka 38 aliyetolewa ovari au anayechomwa gosirelini (sindano ya kuzima ovari) miligramu 3.6 kila mwezi, juu yake anastrozoli. Huyo ameshushwa kutoka estrojeni ya ujana hadi karibu sifuri kwa wiki chache. Katika utafiti wa Austria, ABCSG-12, wanawake wa aina hiyo ambao hawakupewa dawa ya mfupa walipoteza zaidi ya asilimia 17 ya uzito wa madini kwenye pingili za kiuno ndani ya miaka 3. Na kwetu waathirika wengi ni vijana. Kwa hiyo kwenye kadi andika wazi: ovari zipo, zimezimwa kwa sindano, au zimetolewa? Mara nyingi pengo la taarifa ni hapo.

Kosa jingine ninalokutana nalo kwenye karatasi za rufaa: mama wa miaka 44 amekosa hedhi baada ya kemo, mtu akaandika "amekoma", akapewa letrozoli peke yake. Kukosa hedhi baada ya kemo si kukoma. Ovari zinaweza kuamka, na dawa hizi zenyewe huzichochea. Hapo saratani haidhibitiwi, na mimba inaweza kuingia.

Sasa mfano wako. Mwongozo wa kimataifa unaotumika kwa wanaomeza dawa hizi unasema: apewe dawa ya mfupa kama T-skoa ya DXA (alama ya uzito wa mfupa wake ikilinganishwa na wa kijana mwenye afya) iko chini ya -2.0, au, hata bila DXA, kama ana mawili kati ya haya: umri zaidi ya 65, T-skoa chini ya -1.5, sigara, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) chini ya 24, mzazi aliyevunjika nyonga, yeye mwenyewe kuvunjika kwa kishindo kidogo baada ya miaka 50, au stiroidi za kumeza zaidi ya miezi 6. Mama wako ana BMI ya 20.3. Hilo ni moja. Muulize la pili: mama yake mzazi alivunjika nyonga? Na usiulize "nyonga", uliza kama mama huyo mzazi alianguka akaacha kutembea hadi akafariki. Vijijini kuvunjika nyonga mara nyingi hakukupigwa picha wala kupewa jina.

Na TLD: tenofoviri iliyo ndani yake hupunguza uzito wa mfupa na kugusa figo. Haimo kwenye orodha ile, lakini mimi naihesabu. Asiiache. Kubadilisha ni uamuzi wa kliniki ya ART (dawa za VVU), baada ya kuzungumza na sisi.

Mfamasia_Jinja

Mimi nishike kalsiamu, maana hapo watu wanapigwa kweli kweli, na wala si kwa nia mbaya.

Lengo ni miligramu 1000 hadi 1200 za kalsiamu halisi kwa siku, chakula na vidonge pamoja, na vitamini D yuniti 800 hadi 1000. Neno la kushika ni "halisi". Vile vidonge vyeupe vya kalsiamu lakteti vya miligramu 300 vinavyouzwa kila duka la dawa: kalsiamu halisi ndani yake ni kama asilimia 13 tu, yaani miligramu 39 hivi kwa kidonge. Mama akiandikiwa kimoja mara tatu kwa siku anapata 117. Ili afike 500 anahitaji vidonge 13. Ukitaka kidonge chenye maana tafuta kalsiamu kaboneti ya miligramu 1250, ambayo ina 500 halisi, na ikiwa na vitamini D ndani yake ni bora zaidi. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo, kwa hiyo imezwe pamoja na chakula. Anayetumia omeprazoli kila siku ataifyonza vibaya.

Asimeze 1000 kwa mpigo. Mwili hauchukui vizuri zaidi ya 500 kwa wakati mmoja.

Kwa mama wa TLD: dolutegraviri na kalsiamu hushikana tumboni na dawa ya VVU haifyonzwi vizuri. Njia ni mbili. Ama avimeze vyote pamoja na mlo, ama TLD itangulie saa 2 kabla ya kalsiamu au ifuate saa 6 baadaye. Kumeza vyote viwili tumbo likiwa tupu ndiyo kosa. Kwa mama wa kijijini mimi namwambia TLD usiku akienda kulala, kalsiamu na chakula cha mchana. Inakumbukika.

VHT_Soroti

Wakubwa, huku wengi hawana hela ya kidonge cha kila siku. Chakula gani nimwambie? Maziwa kila siku hawayawezi.

Mfamasia_Jinja

@VHT_Soroti glasi ya maziwa ya mililita 250 ni kama miligramu 300, na maziwa lala (bongo) ni hivyo hivyo. Akikosa, mukene (dagaa). Lakini kalsiamu ya mukene iko mifupani: akila mzima au akiisaga unga na kuutia kwenye uji au mchuzi wa karanga, anapata. Akiichambua akatupa vichwa na miiba ametupa alichokinunulia. Aioshe mchanga kwanza, aikaushe, aikaange bila mafuta hadi ikauke kabisa, ndipo aisage. Unga wenye unyevu huota ukungu.

Ulezi una takriban miligramu 340 kwa gramu 100 za unga, nafaka nyingine hazisogei hapo. Ukichachushwa kama obushera (togwa la nafaka) hufyonzwa vizuri zaidi. Mboga: sukuma wiki ni nzuri. Dodo (mchicha) ina kalsiamu nyingi kwenye maandishi, ila oksaleti zake huishika, kwa hiyo ale kwa faida nyingine, asiihesabie mifupa. Simsim (ufuta) isiyokobolewa ni kama dodo, kalsiamu nyingi iko kwenye ganda na oksaleti ziko hapo hapo. Watu wa malakwang na odii (mapishi ya kaskazini yenye simsim) msinichukie, ni tamu, endeleeni kula.

Vitamini D: jua la ikweta lipo, lakini mama anayejifunika mwili mzima, au anayekaa ndani kwa sababu mkono umevimba na anaona aibu, halimfikii. Muulize, usidhanie.

Fizio_Gulu

Nimekuja kwa ajili ya lile la mgongo. Pingili nyingi zinazovunjika hazijulikani, kwa sababu mama hakuanguka. Aliinua jeriken, akasikia "kaa", akaendelea na kazi. Huhitaji DXA kumshuku huyo. Unahitaji ukuta, rula na futi ya fundi cherehani.

Urefu kwanza. Bandika futi ukutani, wima, sehemu ambayo sakafu ni tambarare. Mama avue viatu na kilemba, nywele za kusuka zilizorundikwa juu zishushwe. Visigino, makalio na mgongo wa juu viguse ukuta, macho yaangalie mbele. Laza rula kichwani ikiwa imenyooka, soma. Rudia mara mbili. Pima asubuhi, na mara zote saa zile zile, kwa sababu jioni mtu hupungua hata sentimita moja na utakuja kumtisha bure. Akipungua sentimita 2 au zaidi kati ya vipimo vyako, au 4 kutoka urefu wake wa ujanani, apigwe eksirei ya mgongo kwa ubavu, kifua na kiuno.

Akiwa bado ukutani angalia kisogo. Kama hakifiki ukutani huku macho yakitazama mbele, mgongo wa juu umejikunja. Kisha simama nyuma yake, weka vidole kati ya mbavu ya chini na fupa la nyonga. Pakiwa na nafasi ya chini ya vidole viwili, pingili za kiuno zimeshuka. Haya yote hayachukui dakika tano, na VHT (mhudumu wa afya wa kijiji) anaweza kufundishwa.

Sasa eksirei. Kwanza ifahamike kwamba eksirei haipimi uzito wa mfupa: hadi mfupa uonekane mweupe hafifu kwenye picha, kama asilimia 30 imeshaenda. Ripoti ya "mifupa kawaida" kwa hiyo haimwondolei mtu hatari. Unachotafuta ni umbo. Pingili iliyoporomoka kwa udhaifu hubonyea mbele kama kabari, ukuta wa nyuma ukiwa bado umesimama. Ukiona kwenye picha ya mbele "jicho" moja la pingili limepotea, fikiria saratani imehamia mfupani. Ukiona pingili mbili jirani zimelika pamoja na pedi iliyo katikati yao, fikiria TB ya mgongo, ambayo kwetu haiko mbali. Saratani kwa kawaida huiacha ile pedi.

Yanayotaka rufaa siku hiyo hiyo: miguu kulegea, ganzi sehemu za kukalia, mkojo kuziba au kutoka bila hiari. Hapo usiandike tarehe ya wiki ijayo. Maumivu yanayozidi usiku akiwa amelala, au yanayopanda wiki hadi wiki kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, nayo ni ya picha, si ya dawa ya maumivu. Na hiyo diklofenaki, juu ya tenofoviri, na kesho asidi ya zoledroniki (dripu ya dawa ya mfupa): figo zile zile zitabeba vyote hivyo? Anzeni na parasetamoli.

Klinishani_Bugisu

Nimeelewa, na hiyo ya vidole viwili nitaanza nayo Jumatatu. Maswali mawili zaidi. Tukishampata mwenye hatari mbili, dawa ya mfupa inaanzwa vipi kwenye kituo kama chetu? Na mama asiyetaka kuacha kulima nimwambie nini cha kweli?

DrOnko256

Dawa ambayo ina ushahidi mwingi na dozi chache ni asidi ya zoledroniki, miligramu 4 kwa dripu kila miezi 6. Vidonge vya alendroneti vya miligramu 70 kila wiki ni mbadala. Kwa waliokoma hedhi kuna faida ya ziada: uchambuzi wa pamoja wa majaribio mengi, uliotoka mwaka 2015, ulionyesha dawa za kundi hili zikitolewa mapema baada ya upasuaji hupunguza saratani kurudi mifupani na hupunguza vifo vyake. Mama wako wa mwaka wa pili amechelewa kwa faida hiyo, kwake tunatibu mfupa tu.

Kabla ya dripu, figo. Hapa nataka mfanye hesabu kwa kalamu, msiamini neno "kawaida" la maabara. Tuseme kreatinini yake (kipimo cha damu cha figo) ni mikromoli 88 kwa lita. Maabara itaandika iko sawa. Kanuni kwa mwanamke: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04, gawa kwa kreatinini. Yaani 82 × 52 × 1.04 ÷ 88, unapata 50, ambazo ni mililita za damu ambazo figo husafisha kwa dakika. Kwa 50 hadi 60 dozi si 4, ni miligramu 3.5, ambayo ni mililita 4.4 kutoka kwenye chupa ya miligramu 4 kwa mililita 5. Kwa 40 hadi 49 ni 3.3, kwa 30 hadi 39 ni 3.0, chini ya 30 usitoe. Kumbuka pia dolutegraviri hupandisha kreatinini kidogo bila kuumiza figo, kwa hiyo linganisha na vipimo vyake vya kliniki ya ART kabla hujashtuka.

Changanya kwenye mililita 100 za salaini ya kawaida au dekstrosi ya asilimia 5. Usitumie Ringa lakteti, ina kalsiamu na dawa itashikana nayo. Iingie kwa dakika zisizopungua 15, na mimi nikiwa na mgonjwa mwepesi naipeleka 30. Ikikimbizwa inaumiza figo. Mama anywe maji vikombe viwili kabla. Siku moja hadi tatu baada ya dozi ya kwanza wengi hupata homa na mwili kuuma, na hapa Uganda mama huyo atakwenda duka la dawa kununua dawa ya malaria. Mwambieni mapema: parasetamoli, na kama homa inapita siku tatu au ana dalili nyingine, apimwe malaria badala ya kukisia. Ganzi midomoni au vidole kukakamaa ni kalsiamu kushuka, arudi haraka. Hilo huwapata zaidi waliopungukiwa vitamini D, ndiyo maana vidonge vya yule mfamasia hutangulia dripu.

Meno: angalia kinywa kabla. Jino la kung'olewa ling'olewe na fizi ipone kwanza. Baada ya kuanza, mfupa wa taya usipopona unaweza kuoza, ni nadra kwa dozi hizi lakini ni vigumu kutibu. Na akimwendea daktari wa meno aseme anatumia sindano ya mifupa.

Mwisho kwa upande wangu: mama akilalamika viungo vinamuuma kwa anastrozoli asiache kimya kimya. Aliyekoma hedhi anaweza kuhamishiwa tamoksifeni, mfupa ukapumzika na matibabu yakaendelea.

Mfamasia_Jinja

Kwa watakaopewa alendroneti: asubuhi, tumbo tupu, glasi nzima ya maji matupu. Chai haifai, maziwa hayafai. Kisha dakika 30 asile, asilale, asiiname kufagia uwanja. Kidonge kikirudi kooni kinachoma umio. Kalsiamu ya siku hiyo isogezwe hadi mchana. Mwenye shida ya kumeza asipewe kabisa.

Fizio_Gulu

Kuhusu shamba: usimwambie aache, hataacha, na mfupa usiobebeshwa kazi hudhoofika zaidi. Mwambie namna. Jembe la mpini mfupi linamkunja kiunoni siku nzima, na mkunjo huo ndio unaobonyeza mbele ya pingili. Mpini mrefu, au apige goti moja kwenye palizi. Jeriken ya lita 20 ni kilo 20: aigawe kwenye za lita 5, moja kila mkono, na upande ule uliotolewa tezi za kwapani aanze na nyepesi apandishe taratibu. Aliyekwisha kuvunjika pingili asibebe mzigo kichwani tena.

Mazoezi: kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, mara 10, kupanda kwa ncha za vidole vya miguu, mara 20, kusimama kwa mguu mmoja ameshika fremu ya mlango, sekunde 30 kila upande. Kila siku, wakati chai inachemka. Asifanye yale ya kuinama kugusa vidole vya miguu.

Kisha kuanguka kwenyewe. Paklitakseli (dawa ya kemo) huacha ganzi nyayoni. Mfumbishe macho, gusa kidole gumba cha mguu kwa wepesi na muulize umegusa wapi. Asiyehisi hajui anakokanyaga gizani. Choo cha nje usiku ndiko wanakoanguka: tochi kando ya kitanda, viatu vyenye kisigino cha kufungwa badala ya malapa, au ndoo ya usiku ndani. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, hasa anayemeza dawa za presha. Na kwenye boda akae ametanua miguu, si kando.

VHT_Soroti

Kuna mama ameambiwa kuna sindano nyingine ya ngozi kila miezi sita, haihitaji figo wala dripu. Ni bora?

DrOnko256

Hiyo ni denosumabu, miligramu 60. Ni nzuri kwa mwenye figo mbovu, ingawa huyo huyo ndiye kalsiamu yake hushuka zaidi, basi apimwe kwanza. Inakaa frijini, nyuzi 2 hadi 8. Shida yake ni kwamba haikai mfupani kama zoledroniki: dozi ikichelewa, mfupa unabomoka kwa kasi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa pamoja. Kabla hajachomwa ya kwanza, muulizeni ya pili ataipata wapi na kwa pesa za nani. Kama hana jibu, asianze. Na akija kuacha, afuatishiwe zoledroniki miezi 6 baada ya sindano ya mwisho, wakati ule ule dozi nyingine ilipopaswa kutolewa.

Klinishani_Bugisu

Asanteni. Naongeza mistari minne kwenye kadi zetu: ovari, urefu wa asubuhi, kreatinini na hesabu yake, meno.